Pole kwa Niliyemwangusha

Kaka yangu alijifunza judo jeshini, akaileta nyumbani Koboko kila alipopata likizo. Mkeka wetu ulikuwa magunia yaliyojazwa maganda ya mtama kutoka shamba la mama kule Dranya, juu yake turubai. Makoti mama aliyashona kwa marekani, akatia nyuzi mara mbili kwenye mikono, na bado tuliyachana. Alitusema mpaka tukajifunza kushona wenyewe.

Mbinu ya kaka ilikuwa moja, nami nilichelewa kuielewa kwa sababu ni mkaidi. Ukitaka mtu aje mbele, usimvute; msukume. Atakataa, atakusukuma naye, na hapo hapo unageuka, unaingia chini ya kifua chake, unambeba mgongoni na kumtupa. Kila nilipomsukuma yeye alicheka, maana alijua ninachotaka, na aliyeishia kutazama mawingu ni mimi. Sijawahi kufurahia kushindwa namna ile tena.

Halafu akahamishiwa Kampala, likizo zikakoma, nyumba ikapwaya. Raia hakuingia kambini kwao hivi hivi. Niliposikia kwamba mshindi wa uzito wangu katika mashindano ya Arua atapelekwa kufanya mazoezi na timu ya kambi ile, sikutaka kombe wala sifa. Nilimtaka kaka.

Nilifika fainali. Mpinzani wangu alikuwa fundi baiskeli wa Onduparaka, mpana kama mlango. Nilimsukuma, akanisukuma, nikaingia chini yake, akaruka vizuri kabisa. Ila alitua kwa ubavu. Ukimwangusha mtu chali umemaliza. Kwa ubavu ni nusu tu, na pambano linaendelea chini. Nililijua hilo. Lakini kwetu mtu akianguka mbele yako, hata kama umemwangusha wewe, unampa pole na mkono. Nikaachia koti lake, nikainama, nikasema pole. Akaupokea mkono, akanivuta, akanilalia kifuani mpaka muda wa kubanwa ukatimia. Watazamaji walicheka hadi machozi. Mimi nililia bila kucheka.

Akaenda yeye. Aliporudi, miezi kadhaa baadaye, alinifuata hadi Koboko, akakataa hata chai kabla ya kusema alichotumwa.

"Ndugu yako iko nauliza kila siku," alisema. "Iko nauliza, wewe nakuja lini?"

Nilimwambia nitakuja na mashindano yajayo, na nikayafanyia mazoezi kama kichaa, peke yangu, nikisukuma ukuta wa jikoni. Hayakufanyika. Vita vya 1979 vikafika, tukavuka mpaka kuingia Sudan na mizigo kichwani, na kati ya askari waliokuja nyuma yetu kaka hakuwemo. Nimemuuliza kila aliyerudi. Hakuna aliyemwona, hakuna aliyemzika. Nina hamu naye hadi leo. Kama yuko hai mahali, huenda bado anadhani sikutaka kuja.