Niliulizwa Mara Mbili, Nikabonyeza Ndiyo

Alhamdulillahi, sifa ni zake Mola aliyenifikisha uzee huu na kuniachia macho ya kusomea na kidole cha kuandikia. Kidole hichohicho ndicho kilichokosa. Asilaumiwe mwingine, kosa ni langu!

Mimi ni mjomba wa ukoo, huku juu Mgeta. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na neno la mjomba halihojiwi.

Dada yangu ndiye pekee aliyebaki akiijua mipaka ya mashamba yetu: jiwe lipi, mti upi, kaburi la nani. Binti yake alitembea naye mteremko mzima akimrekodi, kisha akaziweka rekodi kwenye kompyuta yangu.

"Mjomba, ziko kwako tu. Simu yangu ilijaa, nimezifuta."

Niliitikia bila kusikiliza.

Tulipokwisha kumzika dada, nikataka nafasi ya kuhifadhi mawaidha. Nikachagua mafaili nisiyoyatambua. Kompyuta ikauliza: una uhakika? Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena: yakifutwa hayarudi, niendelee?

Nilikasirika, jamani! Miaka yote hii nani aliwahi kuniuliza jambo mara mbili?

Mke wangu akasema, "Mzee, si umngoje mpwa wako?"

"Yule ni mpwa wangu, si mwalimu wangu!"

Nikabonyeza.

Nilipotambua kuwa nimefuta rekodi za dada, nikampelekea kompyuta fundi wa Morogoro mjini, akahangaika nayo siku mbili. "Mzee wangu, nisikudanganye. Humu hamna kitu."

Nilipomweleza mpwa wangu, hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjomba, ile ilikuwa sauti ya mama." Ole wangu!

Mvua zilipoanza, jiwe moja la mpaka likaonekana limehama. Hakuna aliyeligusa, wanasema. Wapwa zangu wawili wanaopakana hapo wakaja barazani kwangu, shikamoo zao nzito.

"Mjomba, sema wewe. Lilikuwa wapi?"

Sijui! Mjomba wa ukoo, na sijui!

Siku hizi hawasalimiani. Leo asubuhi nimewaona wakipanda mlimani kupalilia maharage, mmoja njia hii, mwenzake ile. Kila mmoja ameshika panga. Maharage hayapaliliwi kwa panga.

Ndugu msomaji, ukiulizwa mara mbili, hata na mashine, ondoa kidole kwanza. Mwite anayejua. Niombeeni vijana wangu washuke salama.

Nawe uliyenisikiliza, Mwenyezi Mungu akujaalie subira, na amani isihame mipakani mwako. Amina.