Kilo Ziligoma, Nikamlaumu Aliyenipikia

Kosa ni langu, wala simsingizii ibilisi. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini na mitatu, katika darasa la ngumbaru, na sikudhani kalamu hii ingekuja kunitumikia kwa jambo la aibu kama hili.

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba hapa Malindi, mwana mmoja wa kiume na baiskeli. Tarehe 9 Februari 1985, daktari aliniambia kwamba kilo zangu tisini na moja zitaniua kwa presha. Kesho yake nikaipanda baiskeli. Kila asubuhi nilifuata barabara ya lami kusini mwa mji, tambarare tupu, nikarudi. Vijana wa sokoni walinipigia kelele, "Bibi, zihurumie tairi!" Kufikia Juni nilikuwa na kilo themanini na tatu, nami nikapita mjini kama mtu aliyeshinda kesi.

Hapo kilo zikagoma. Julai, themanini na tatu. Agosti, vivyo hivyo. Oktoba, muuguzi aliyenipima akasema, "Mama, mwili umeizoea njia. Tambarare ile ile, mwendo ule ule. Tafuta mlima."

Nilichosikia mimi ni kwamba naitwa mvivu. Mjane niliyemlea mwana peke yangu, niitwe mvivu! Nikaamini kuna mtu anayenihujumu, na jikoni mwangu alikuwamo mmoja tu, mke wa mwanangu. Nitamwita Kadzo, ingawa silo jina lake. Nilikuwa nimemkataza kunitilia tui chakulani. Tarehe 3 Novemba nikamkuta juu ya mbuzi, anakuna nazi.

"Nazi hiyo ya nani?"

"Ya watoto, mama. Chako nime..."

"Wanitilia tui kwa siri. Wataka nife, uirithi nyumba."

Mwanangu alikuwa mlangoni, akayasikia yote. Akaniambia kwa upole ulionichoma, "Mama, muombe radhi." Nikamjibu kwamba mimi simuombi radhi mpishi. Siku hiyo hiyo wakaondoka na watoto wao wawili, wakaenda Kakuyuni kwa wazazi wa Kadzo. Kwetu, mume kuishi ukweni ni fedheha. Mwanangu aliona heri fedheha hiyo kuliko nyumba yangu.

Juma lililofuata jirani yangu akapiga hodi. "Dada, nimefuata kijisufuria changu, kile alichokiazima Kadzo kwangu akupikie wewe mbali. Maskini, kila siku vyungu viwili: chao cha tui, chako cha maji na chumvi. Nikamtania, mwanangu wee, mavyaa wako atakuvisha nishani." Akacheka. Nikaingia jikoni kumtolea kijisufuria chake.

Nikaenda Kakuyuni kwa baiskeli. Njia ya huko ni mchanga na miinuko, na mara nyingi nilishuka nikaisukuma. Kadzo alinipokea kwa adabu. "Shikamoo, mama." Akanipa kiti, akanipa maji. Nikaomba radhi mbele ya wazazi wake.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Lakini kwako sirudi. Nitapika nikitetemeka mpaka lini?"

Mwanangu hakutoka ndani.

Tangu hapo naenda kila Jumapili, na jibu halijabadilika. Kilo ndizo zilizobadilika. Leo, tarehe 20 Aprili 1986, nina sabini na nne. Muuguzi amenipongeza kwamba hatimaye nimeupata mlima, nami sikumweleza ni mlima gani. Nguo zimenipwaya, nyumba imenipwaya zaidi. Mjukuu wangu mdogo huniita mgeni wa Jumapili.

Ninyi mnaosoma, mwili ukigoma msiutafutie mchawi. Ulizeni miguu yenu kwanza. Na ukishamkosea aliye wako, muombe radhi papo hapo, kabla hajafunga mizigo. Mimi msamaha nilipewa. Watu wangu sikurudishiwa.