Mawese Kwenye Waya

Mjukuu wangu anasomea umeme Bujumbura. Alipokuja Rumonge kunisalimia, alinieleza habari za plastiki ya kufunika nyaya ambayo ikipasuka inajiponya. Ndani yake, alisema, mmetiwa vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vimejaa dawa. Ufa ukitokea, vifuko vinapasuka, dawa inatiririka na kuganda, ufa unajifunga.

"Kama ngozi, babu."

Nikamuuliza: na kama ufa umeshaingia mafuta?

"Hapo haishiki. Ufa lazima uwe safi." Akacheka. "Babu, wewe unafikiria mawese tu!"

Sikucheka. Ilinijia harufu ya mpira unaoungua, ambayo haijatoka puani mwangu tangu vita.

Miaka ile nilikuwa fundi umeme wa kiwanda kidogo cha mawese, njia ya Kizuka. Nilikuwa nimesoma sekondari, kwa hiyo nikisema jambo la umeme, hakuna aliyebisha. Barabara ya Bujumbura ilifungwa mara kwa mara kwa risasi, na utepe wa umeme haukupatikana popote. Waya uliotoka kwenye jenereta kwenda kwenye mashine ya kukamulia ulipochubuka, nilikata kipande kirefu cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikauvuta juu ya waya kama soksi ili ufike penye kidonda. Ulibana, ukakataa kupita.

Mjane mmoja, jirani yangu, aliyefanya kazi kwenye mashine ile, alikuwa akinitazama.

"Fundi, huo mpira umeuoa? Mbona unaubembeleza hivyo?"

Nikamwambia alete mawese kidogo. Akaleta kwenye kikombe. Nikapaka, mpira ukateleza mpaka mahali pake.

Lakini mawese hula mpira. Sikuhitaji shule kulijua hilo. Ujanani nilisukuma baiskeli za mawese kutoka Minago, na kila tulipopumzika tulipangusa magurudumu kwa majivu, maana tone likilala juu ya mpira, mpira unavimba na kulainika kama muhogo uliolowekwa. Nilijua. Ila milio ya risasi ilikuwa imeanza kusikika kule milimani, watu walitaka kurudi nyumbani, na mimi nilitaka kuonekana nimemaliza.

"Iko sawa?" mjane aliniuliza.

"Iko sawa, mama."

Haukupita muda mrefu. Mpira ulivimba, ukateleza, waya mtupu ukalala kwenye chuma cha mashine, mpira ukaanza kuungua. Mama yule alishika chuma kile. Umeme haukumwachia mpaka nilipozima jenereta. Alipona, lakini vidole vya mkono wa kulia vilijikunja na havikufunguka tena.

Nilipokwenda kumtazama, alisema mbele ya binti yake, "Kosa ni langu. Nilishika chuma na mikono yenye mafuta."

"Kila siku unaambiwa ufute mikono, mama!" binti akamgombeza. "Kila siku!"

Mafuta hayaiti umeme. Hilo nalo nililijua. Nilikuwa nimekaa pale, nimeshika chupa ya soda waliyoninunulia kama mgeni wao. Nikasema, "Pole sana, mama," nikanywa.

Vita viliisha, kiwanda kikauzwa kama vyuma chakavu. Yeye alizidi kunisalimia sokoni kwa mkono wa kushoto, ule uliojikunja akiuficha ndani ya kitenge. Mpaka leo jenereta ikiwashwa popote, chini ya mngurumo wake nasikia: iko sawa? Nimewahi kujibu kwa sauti, watu wakanigeukia.

Mjukuu wangu aliporudi Bujumbura, nilipanda pikipiki mpaka kwa mama yule. Nilimkuta uani akipasua kokwa za ngazi, tunda la mchikichi, kwa jiwe alilolishika mkono wa kushoto. Binti yake, ambaye sasa naye ana mvi, alikuwa jikoni, akimpigia kelele asimwage maganda ovyo, asije akajiumiza tena kwa uzembe wake.

Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama: mpira, mawese, majivu ya Minago, yote niliyoyajua kabla ya kumwambia iko sawa. Kwamba mikono yake haikuwa na kosa lolote.

Aliweka jiwe chini. Alitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. Nikadhani atanifukuza.

"Rudia," akasema. "Kwa sauti. Yule wa jikoni hajasikia."

Nikarudia. Kule jikoni masufuria yakanyamaza.