Shikamoo Maktabani

Nilipelekwa kozi ya maktaba za shule kwa sababu mwalimu mkuu hakutaka kwenda mwenyewe. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na kozi hazikuisha: leo kozi ya kuku, kesho ya kuchimba vyoo. Mimi, binti wa Mbeya niliyedhani naijua baridi mpaka nilipokutana na upepo wa Ufipa, nikaangukiwa na vitabu.

Nilirudi na cheti, na picha kubwa ya mtu aliyeweka kidole mdomoni, na imani kali kuliko ya mlokole wa juzi. Wakufunzi walituambia maktaba huanza na kimya, vitabu huja baadaye. Kwetu ilikuwa hivyo kweli, maana vitabu vilichelewa sana.

Kijiji chetu kilikuwa mbele ya Milanzi, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Kilikuwa na chumba kimoja cha bati, kilichojengwa kwa nguvu za wananchi kiwe ghala la mahindi. Mwaka ule mahindi yalikuwa ya kuhesabu magunzi, chumba kikabaki kitupu, na mwenyekiti wa kijiji akanikubalia nikitumie mpaka mavuno mengine.

"Ndugu mwalimu, panya hawali vitabu?" aliniuliza.

"Wanakula, ndugu mwenyekiti."

"Basi vizuri. Watakuwa wameshazoea chumba."

Sanduku la vitabu lilipofika lilikuwa limeandikiwa Kabwe, kule ziwani, na karibu vitabu vyote vilikuwa vya uvuvi. Nani angelirudisha? Watoto wangu wa darasa la tatu, ambao wengi wao hawajawahi kuliona ziwa, walijifunza kutafuta habari kwa kutumia samaki. Natamka "mgebuka", wanafungua kurasa za mwisho kwenye faharasa, vidole vinateremka mpaka herufi M, ukurasa unapatikana. Walikuwa hodari. Ungewauliza dagaa anakaushwaje wangekujibu kabla hujamaliza kuuliza, na dagaa mwenyewe hawajamwonja.

Nikawafundisha na lile la kozini: popote unapokaa na kitabu, hapo ni maktaba, na yeyote anayeingia, awe hata mwalimu mkuu, anaonyeshwa kidole mdomoni. Nilijiona mwanamapinduzi.

Siku moja msichana mmoja aliazima kitabu cha nyavu, akaketi nacho kizingitini kwao. Babu yake akarudi kutoka kwa ng'ombe. Ufipani mtoto humwamkia babu kwa kupiga goti na kugonganisha viganja taratibu, kisha salamu huzunguka: nyumbani, mifugo, ulezi, hata upepo wa jana. Mjukuu aliinua macho, akaweka kidole mdomoni, akarudi kwenye nyavu zake.

Kesho yake mzee alikuja shuleni na koti lake zito.

"Shikamoo, babu," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe unaijua. Nilidhani kwenu Mbeya haipo."

Alikuwa kaka mkubwa wa mwenyekiti, kwa hiyo kesi haikuchelewa kufika mkutanoni. Mwenyekiti alifurahi kupita kiasi. Mvua zilikuwa zimeanza vizuri, na alikuwa akitafuta sababu ya kunitoa ghalani bila kuonekana adui wa elimu. Nami nilikipenda chumba kile kuliko nyumba niliyopangiwa. Ni mahali pekee kijijini ambapo mtoto aliuliza kitu na hakutumwa maji. Nilisimama nikaeleza faida za kimya kama nilivyofundishwa, na nikiwa katikati ya faida mzee akauliza:

"Hicho kitabu kinachokataza shikamoo, kimeandikwa na mtoto wa nani?"

Mkutano mzima ulicheka, na mwenye kuchekwa ni mimi. Nikasalimu amri: watoto wataamkia kwanza, kimya kitafuata. Mwenyekiti akasema ataangalia mwenendo wetu mpaka mavuno.

Wazee wakaja kukagua utekelezaji. Darasa zima likapiga goti, viganja vikagongana, salamu zikazunguka, na kengele ikalia tukiwa bado kwenye mifugo. Nilikasirika mpaka kichwa kikauma. Wiki iliyofuata wakaja wengi zaidi, wameoga. Habari ilikuwa imeenea kwamba kuna chumba ukiingia darasa zima linakupigia magoti. Na mzee ambaye kwake wakwe wanampita kama kinu, angekosaje kuja? Wakayakalia mabenchi yangu yote, watoto wakahamia sakafuni.

Lakini ukishaamkiwa hivyo ni aibu kuondoka papo hapo. Wakakaa, na waliokaa hawakuwa na la kufanya ila kusikiliza habari za samaki. Yule msichana alikuwa akimsomea babu yake kwa sauti ya chini. Mzee alibishana na kitabu ukurasa kwa ukurasa, halafu akaanza kufika kabla ya kengele.

Mavuno yakaja, na kwa bahati mbaya yakawa mazuri. Mwenyekiti alikuja asubuhi, nyuma yake vijana wenye magunia mabegani. Nilimwona dirishani. Msichana alikuwa anasoma jinsi wavu uliochanika unavyoshonwa, darasa na wazee wote wametulia. Mlango ukafunguka, mwenyekiti akavuta pumzi ya hotuba.

Babu akainua kidole, akakiweka mdomoni.

Sasa ielewe shida ya mwenyekiti. Mdogo mtu haanzi shughuli mbele ya kaka yake kabla ya kumwamkia, awe na cheo gani. Na salamu yenyewe kaka mtu ndiye aliyeizuia. Viganja vyake vilikuwa vimeshakutana vigongane. Vikabaki vimekutana hivyo hivyo, kifuani. Msichana alimtazama mara moja, akarudi kwenye wavu, akasoma polepole. Mimi ndiye mwalimu wake, na naapa mtoto yule hakuwa msomaji wa polepole. Alimaliza ukurasa, akafungua mwingine. Nje vijana walihamisha magunia kutoka bega hili kwenda lile, kisha nikasikia miguu yao ikiondoka. Mwenyekiti naye akarudi kinyumenyume, akaufunga mlango taratibu.

Mahindi yalikwenda ofisini kwake. Mwaka ule mzima, aliyetaka kugongewa muhuri aliufuata juu ya magunia.

Kengele ilipolia mzee alishusha kidole, akageukia kwangu.

"Mwanangu, mdogo wangu yule mpe kitabu naye aazime," alisema. "Ila akija tena, asalimie kwanza."