Nyanya za Mke wa Mzee Kavu

Watu walimwita Mzee Kavu, na jina hilo hakulipata kwa ukali. Alikuwa fundi bomba, na alikopita yeye sakafu ilibaki kavu. Miaka thelathini na minne ya kuunga mabomba, wala hakuna nyumba iliyowahi kumwita tena kwa kosa lake. Hilo alilisema mwenyewe, bila hata kuulizwa, kisha akamalizia na methali yake: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali nzuri. Shida ni kwamba mzee wa watu aliitumia kila mahali.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa mapafu. Siku moja daktari alimvuta mume pembeni akamwambia zimebaki wiki chache, zikizidi sana miezi miwili, na mgonjwa asipigwe na baridi. Mzee Kavu hakulia. Alirudi nyumbani, akasogeza kitanda cha mkewe dirishani ili aone uani, halafu akachukua silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, akaliziba dirisha lile pande zote, mpaka kwenye kitasa.

"Baba watoto, mbona umenifungia kama samli koponi?"

"Upepo, mama watoto. Daktari kasema."

Uani kulikuwa na masanduku mawili ya mbao yaliyojazwa udongo, marefu kufika gotini, ambamo mkewe alipanda nyanya miaka yote ya ndoa yao. Mbegu alipewa na mama yake. Kila msimu alibakiza chache, akazikausha na kuzitia kwenye bahasha. Msimu uliopita ugonjwa ulimlaza, hakuvuna kitu, kwa hiyo bahasha ilikuwa ndiyo hiyo hiyo moja. Alimkabidhi mumewe.

"Zipande zote. Kuzila sina hamu. Nataka nione maua yake tu. Halafu mbegu umpe binti yetu."

Alizipanda, nazo zikaota. Lakini msimu ulikuwa wa baridi na upepo, na kuku wa jirani walikuwa hawana adabu. Mzee Kavu akaamua kuzijengea kifuniko. Alipigilia vipande vya nondo kandokando ya masanduku, akavichomekea mabomba ya plastiki, akayapinda yakawa matao, matano kila sanduku. Juu akalaza bomba moja refu la kuyashika yasiyumbe, kila kiungo akakipaka gundi. Kisha akatandaza nailoni.

Mtu mwingine angeibana nailoni kwa vibanio, aifunue asubuhi na kuifunika jioni. Yeye aliigongomea kwa fito kuzunguka sanduku zima, na maungio akayapiga tepu. Ili asihitaji kuifungua kumwagilia, alipitisha kibomba chenye matundu ndani kwa ndani, koki ikabaki nje. Kazi safi kweli, ungeona ungesifu.

Mkewe hakusifu. Jioni alipoletewa dawa alimwambia, "Acha upenyo ubavuni. Mimea inapumua."

"Upenyo ni mlango wa kuku."

"Wewe unajua mabomba. Nyanya niachie mimi."

Sikio la kufa halisikii dawa. Alimfunika blanketi, akaenda kuhakikisha koki haidondoshi.

Siku ya nne tangu kifuniko kikamilike, asubuhi, kuku mmoja alidonoa nailoni akatoboa tundu la ukubwa wa ngumi. Mkewe aliyaona yote akiwa kitandani, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

"Kuku kakushinda ufundi, baba watoto! Liache hilo. Ndiyo dirisha la nyanya."

Mzee Kavu naye alicheka kidogo. Halafu akatoka na tepu, akaliziba tundu lile mara mbili, ndani na nje.

Muda si mrefu akaja mlinzi wa shule: bomba kuu limepasuka, maji yanaingia madarasani. Mzee Kavu alisema ni kazi ya saa moja, kwa hiyo hakumwomba mtu amwangalie mgonjwa. Aliweka chupa ya chai karibu na kitanda akaondoka. Saa moja ikawa saa sita. Na siku hiyo, baada ya wiki nzima ya mawingu, jua likatoka, likawaka kama lililokuwa likidaiwa.

Aliporudi alasiri alipita uani kwanza. Nailoni ilikuwa nyeupe kwa mvuke, haionyeshi ndani. Aliichana kwa kisu, na joto likampiga usoni. Miche yote ilikuwa imelala juu ya udongo, imeiva, kama mboga iliyotolewa sufuriani. Aliinua mmoja, ukamkatikia vidoleni. Akainua mwingine. Alitafuta uliosalia kuanzia mwanzo wa sanduku mpaka mwisho, akahamia la pili, na haukuwepo.

Aliingia ndani amekunja kofia mkononi. Mkewe alikuwa amelala ubavu, uso umeelekea dirishani. Kiganja chake kilikuwa kimevimba.

"Niliona nailoni inatoka jasho tangu saa nne," alisema taratibu, kila neno kwa pumzi yake. "Nilimwita fundi cherehani hapo jirani. Nikagonga kioo. Cherehani yake inalia, hakusikia. Dirisha lako halipitishi hata sauti."

Mzee Kavu aliiweka kofia chini. Alikwenda kuchukua patasi, akaanza kuibandua silikoni, kipande kwa kipande. Kitasa kilipolegea alisukuma, na hewa ikaingia na harufu ya udongo wenye maji. Mkewe alifumba macho akaivuta.

"Ungeanza na hili," akasema.

Alifariki siku ya tisa baada ya hapo, dirisha likiwa wazi. Binti alikuja kuzika, akaulizia mbegu, na baba yake ndiye aliyelazimika kumjibu.

Dirisha lile halijafungwa tena. Mvua ikinyesha kutoka upande wa uani, maji huingia mpaka chini ya kitanda, na Mzee Kavu hupiga magoti akayafuta kwa kitambaa.