Mlinzi wa Macquarie Fields na neno analorushiwa kila asubuhi

Saa moja asubuhi, Agosti 2021, baridi ya Macquarie Fields, kitongoji cha Sydney, inauma masikio. Vénérand Niyongabo, mlinzi wa duka la vyakula, amesimama mlangoni na barakoa yake. Asiyeskani kwa simu ile karatasi ya mlangoni, inayoandikisha kila anayeingia ili corona ifuatiliwe, haingii.

Mteja mmoja anaskani huku akinung'unika, na lile neno linamtoka. Vénérand anacheka, ananigeukia mimi mwandishi.

"Umelisikia, dada? Hiyo ndiyo chai yangu ya asubuhi."

Ni neno la Kiingereza, limetokana na jina la mwandishi aliyetunga hadithi ya nchi ambayo serikali inamchungulia raia hadi chumbani, nalo husemwa kuilaumu serikali ya namna hiyo. Zamani lilikaa darasani na midomoni mwa wanasiasa. Tangu Sydney ifungiwe ndani kwa corona, hata anayezuiwa kununua zaidi ya bunda moja la karatasi za chooni analitamka. Limekuwa chumvi, kila chungu kinatiwa.

"Mwanzoni nilidhani natukanwa," anasema Mrundi huyu aliyeishi miaka kumi na miwili kambini Tanzania. "Binti yangu Armelle akanieleza maana. Lo! Sikulala. Kumbe mimi ndiye serikali?"

Kilichomkosesha usingizi ni geti la kambi. Baba yake alikuwa anakwenda kambi ya jirani kumzika dada yake, yaani shangazi yake Vénérand. Mlinzi akamrudisha kwa kukosa kibali, bila hata kumtazama usoni.

"Niliapa sitakuwa kama yule," anasema. "Na sasa tazama niliposimama."

Kisha akaja Bridget, bibi anayeishi peke yake, aliyekataa katakata kuskani. Vénérand akamrudisha mara mbili. Mara ya tatu bibi alimrushia neno lile, akaondoka mikono mitupu. Kumwingiza kungemgharimu kazi, hivyo Vénérand akamfuata nje. Akamsalimia kwanza, akamuuliza habari za nyumbani na za magoti. Ndipo akamsimulia ya baba yake.

"Huyo shangazi alizikwa bila kaka yake?" Bridget akauliza.

"Bila yeye, mama."

Vénérand akajitolea kumnunulia. Halafu Bridget akamtajia anavyotaka: mkate, maziwa, majani ya chai.

Tangu hapo Vénérand humnunulia wakati wa mapumziko na kumpelekea nje. Bibi haskani mpaka leo. "Mbishi huyo, wacha kabisa!" Na kila mteja sasa anasalimiwa kwanza, simu baadaye.

"Siku wakiibandua hii karatasi ya kuskani," anasema, "nataka Mama Bridget awe wa kwanza kuingia. Nitamfungulia mlango."

Namkumbusha kwamba mlango huo hujifungua wenyewe.

"Najua, dada. Lakini mkono nitaunyoosha."