Mimi ndiye kifungua mimba, na mdogo wangu alishindwa kujenga akiningoja

Wakuu, salamu kwenu. Walio kazini, walio safarini, na wale mnaosoma humu mkimchungulia bosi asiwaone, wote nawasalimia.

Hii sikuitunga. Nimebadilisha majina peke yake, kwa sababu mdogo wangu ana watoto, na watoto wa siku hizi wanasoma kila kitu. Mengine nimeyaacha vile yalivyokuwa, hata yale yanayonivua nguo.

Nianze na vile nilivyofika Kikopey. Kwa wasiopajua, ni pale barabara ya Nairobi kwenda Nakuru, ukishapita Gilgil, bucha za nyama choma zimepangana na moshi haukatiki.

Kwetu ni Siaya. Nilimaliza Form Four na gredi ya kutajwa polepole, nikaondoka nyumbani. Mombasa nilibeba magunia, joto likanishinda. Kericho nikachuna majani chai. Eldoret nikauza mitumba. Narok nikaungana na watu wa kombaini, zile mashine za kuvuna ngano, kazi yangu ikawa kupaka grisi na kushona magunia.

Kila mahali nilikaa mpaka nikaanza kupakumbuka mahali nilipotoka, basi nikahama. Ndivyo nilivyoumbwa. Nikiwa hapa, roho iko kule.

Msimu wa Narok ulipoisha nilipanda juu ya lori la ngano lililokuwa linaenda Nakuru. Njia ya Mau Narok ilikuwa matope, dereva akaamua kuzunguka na Mai Mahiu. Tulilala Suswa kwa sababu ya tairi. Tukalala Naivasha kwa sababu ya mafuta. Halafu giaboksi ikafa karibu na Kikopey, na dereva akasema spea inatoka Nairobi, tungoje.

Njaa ikanipeleka kwa bucha moja kuomba supu. Mwenye bucha alikuwa mama wa makamo, kila mtu alimwita Mathe.

Akaniambia, "Supu iko. Lakini kwanza nisimamishie ile gari."

Nikakimbia nikaisimamisha. Watu watano wakashuka, wakala mbuzi nusu.

Lori lilipona likaenda zake. Mimi nikabaki zaidi ya miaka kumi.

Wakuu, kazi ya Kikopey watu huiona rahisi wakiwa kwa dirisha la gari. Unavaa koti jeupe, gari ikipunguza mwendo tu unakimbia. Na si wewe peke yako, kuna vijana wa bucha zote, mnasukumana kama mnagombea mpira.

"Boss karibu! Mbuzi laini, ugali moto, choo safi!"

Ukikosa gari tatu mfululizo, Mathe anakuangalia mpaka unasahau jina lako. Ukileta mteja unapata kamisheni. Huleti, unakula supu na matumaini. Baada ya miaka kadhaa mwili wangu ulikuwa unasikia gari ikipunguza mwendo hata nikiwa usingizini.

Mwezi mkubwa ni Desemba. Magari yote yanateremka magharibi, juu wamefunga magodoro na viti vya wazazi, ndani wamebeba mikate na watoto wanaotapika. Watu wanaenda kwao. Mimi nawachomea nyama, nawaambia safari njema.

Sasa nieleze kitu kimoja cha kwetu, ndio mnielewe.

Kwa Wajaluo, ndugu hujenga kwa mpangilio. Kifungua mimba anatangulia kujenga simba yake, yaani nyumba ya kijana ndani ya boma la baba. Anayemfuata anangoja. Huwezi kuruka kaka yako. Wapo waliouacha mpangilio huo, lakini mzee wetu si mmoja wao.

Kifungua mimba ni mimi. Anayenifuata ni Owino.

Na Owino ni fundi wa nyumba. Amejengea walimu, amejengea mapasta, amejengea mpaka watu wa ng'ambo wanaotuma picha kwa simu. Yeye mwenyewe, na mke na watoto watatu, alikuwa anakodi chumba kimoja sokoni. Kutoka hapo hadi kwa baba ni mwendo wa kutembea tu, na nafasi yake ndani ya boma ilikuwa wazi, majani yanaota.

Kila mwaka alinipigia. Hakuwahi kunifokea.

"Omera, mwaka huu vipi?" Omera ni ndugu yangu.

"Mwaka huu lazima. Wacha Desemba ipite, hapa kazi imenibana."

Na kazi ilikuwa imenibana kweli, hapo sikudanganya. Nilichokuwa sisemi ni kile nilichofanya kazi ikiniachilia.

Siku yangu ya off nilikuwa naenda Nakuru mjini. Kuna hoteli ya samaki kule nyuma ya stendi, watu wa kwetu hukutana hapo. Wengi walizaliwa kwenye nyumba za reli, babu zao waliletwa na kazi, na nyumbani wanakujua kwa hadithi tu. Mimi ndiye nilikuwa mwenye hadithi. Nawaambia jinsi ziwa linavyonuka asubuhi, jinsi bibi yangu alivyokuwa anakausha omena, wale dagaa wa ziwani, juu ya mawe. Naagiza samaki. Naagiza tena. Wanapiga meza, "Onyango, endelea!"

Pesa ya kujenga nyumbani niliimaliza nikiongea kuhusu nyumbani.

Lakini nilijaribu. Nikipokea kamisheni, nilikuwa nanunua mabati mawili, nayaegemeza nyuma ya bucha. Mwezi mwingine mawili tena. Yalifika ya kuezeka simba nzima. Nikampigia Owino nikamwambia mabati yametimia, bado mbao. Alifurahi mpaka akampa mkewe simu anisalimie.

"Shemeji, Mungu akubariki," aliniambia. "Mimi hapa nimechoka kupikia kwa mlango."

Ikaja Pasaka. Wakuu, mvua ya Pasaka mnaijua. Magari yamejaa, meza zimejaa, na kivuli chetu cha turubai kikapasuka katikati. Maji yakaingia kwa nyama za watu. Bucha ya jirani ilikuwa na paa zuri, wateja wakaanza kubeba sahani wakihamia kule. Mathe akashika kichwa.

"Wanaenda! Jameni, wanaenda na sahani zangu!"

Hakuna mtu aliyeniomba, hii naomba muisome vizuri. Mimi mwenyewe nilikimbia nyuma, nikatoa mabati yangu, nikapanda juu na nyundo nikapigilia huku nanyeshewa. Wateja wakapiga makofi. Mathe akanikumbatia mbele ya watu wote.

"Pasaka ikiisha tunakutolea," alisema.

Pasaka ikaisha. Kila nikitaka kupanda niyatoe, kuna watu wamekaa chini wanakula. Na ile sehemu ikapewa jina. Wateja wa kila wiki walikuwa wanaitisha, "Tukalie pale kwa Onyango." Nilipenda. Siwafichi, nilipenda sana. Nilikuwa sina nyumba popote duniani na nikaridhika na meza nne zenye jina langu.

Owino nilimwambia mbao zimepanda bei.

Mwaka jana, miezi michache kabla ya Desemba, alikuja bila kupiga simu. Alikuwa amepata pikapu iliyoleta mahindi Nakuru na inarudi tupu. Mbao alikuwa ameshanunua mwenyewe, alitaka kubeba mabati tu, aje aanze nyumba yangu ndio afike kwa yake.

Njuguna, mwenzangu wa kuita magari, ndiye alimpokea.

"Huyu ni brathe yako? Mnafanana mpaka masikio! Kaa, boss. Kwa Onyango hulipi."

Owino akakaa. Akaletewa ugali, sukuma wiki na nyama.

"Nimekuja kuchukua mabati," akaniambia.

Nikamwambia, "Yako Gilgil, kwa stoo ya jamaa fulani. Leo hayuko."

Mathe alikuwa anapita na karai. Alisimama, uso umejaa furaha ya kweli, hakujua anachofanya.

"Mabati ya Onyango? Si ni hayo juu yenu! Huyu ndugu yako alituokoa Pasaka. Alipanda na mvua!"

Owino akaangalia juu. Yalikuwa meusi ya moshi, mafuta yameshikana kama lami. Alikaa hivyo, shingo nyuma, akayahesabu moja moja.

"Pasaka ya mwaka huu?"

Njuguna akanijibia, "Ya mwaka juzi, boss."

Hapo Owino akageuka akaniongelesha kwa lugha yetu, polepole.

"Omera, mimi sijali mabati. Mabati yatanunuliwa. Nijibu kitu kimoja tu. Unarudi nyumbani ama hurudi? Kama hurudi, sema, nimwambie baba."

Nikafungua mdomo.

Na nyuma yangu nikasikia gari ikipunguza mwendo.

Wakuu, nilikimbia. Sikuamua kukimbia. Mdogo wangu ameniuliza swali la maisha yake na mimi niko kando ya lami napunga mkono, "Boss karibu, mbuzi laini!" Ilikuwa familia inayoenda Kisumu. Nikabishana nao bei, nikawachagulia mguu, nikawapeleka mezani. Nilipogeuka, pikapu ilikuwa inaingia barabarani, nyuma iko tupu.

Alikuwa amekula ugali na sukuma. Nyama aliiacha vile ilivyowekwa.

Njuguna akauliza, "Brathe ameenda bila kuaga?"

"Ana haraka," nikasema.

Sikumpigia. Ningesema nini? Baadaye, Krismasi ikiwa imeanza kunukia, simu ikalia. Alikuwa baba.

"Kuna nyumba yako hapa," akaniambia.

Nikauliza nyumba gani.

"Ndogo. Ya udongo. Ndugu yako amekujengea."

Kuna desturi, kifungua mimba akifa kabla ya kujenga, anasimamishiwa kibanda cha alama ili wadogo zake waendelee na maisha. Cha mtu aliyekufa.

"Nilimshauri hivyo zamani," baba akaendelea. "Alikataa. Alisema hawezi kumzika mtu anayepokea simu. Sasa amejenga, na sikumuuliza kwa nini. Uje ulale usiku mmoja ndani. Ukilala, itakuwa nyumba ya mtu, na yeye ataanza yake. Usipokuja, tutajua ni kibanda cha aina gani."

Mngedhani niliondoka siku hiyo. Sikuondoka. Nilimwendea Mathe kuomba ruhusa, akaniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Wiki hii, Onyango? Wiki hii watu wote wanateremka! Nenda Januari, nitakuongezea."

Na mimi nikakubali. Nilivaa koti langu nikarudi barabarani. Nilijiambia kibanda hakina miguu, kitaningoja.

Siku chache baadaye nilihudumia mzee mmoja na wajukuu zake, wanateremka. Aliniangalia usoni kwa muda, akanisalimia kwa lugha yetu na kuniuliza boma letu ni lipi. Nikamjibu kwa Kiswahili, kama nilivyozoea kufanya nikikutana na watu wa nyumbani, wasianze kunichimba.

"Mzee, mimi ni wa hapa hapa."

Akasema, "Haya," akarudi kwa nyama yake.

Lakini mimi nilisikia vile nilivyosema. Baba yangu alikuwa anangoja kujua kama mimi ni mzima au marehemu, na mimi nilikuwa nimejijibia hapo, mbele ya watoto wa watu, nimeshika sahani ya kachumbari.

Nilifika jikoni nikavua koti.

Asubuhi yake nilimuaga Mathe. Si mtu mbaya, na ninamwandika hapa kwa heshima. Alinilipa zangu zote, akanifungia nyama ya baba kwa gazeti. Akauliza, "Na mabati yako?"

"Yaache, Mathe. Kuna watu wamekaa chini."

Njuguna alikuwa anacheka lakini hakuniangalia. "Sasa gari za Kisumu nitamwachia nani, wewe msaliti?" Nikavuka barabara, nikasimama upande wa wasafiri. Tangu siku hiyo sijarudi Kikopey, na sitarudi.

Nikampigia Owino nikiwa njiani. Alishika simu ikikaribia kukatika.

"Uko wapi?"

"Nimepita Salgaa."

Nikasikia nyundo ikiwekwa chini.

"Ni likizo?"

"Hapana. Nimetoka kabisa."

"Sawa. Njoo ulale," akasema. "Mimi kesho nachimba msingi."

Hakusema karibu nyumbani. Hakusema yameisha. Na mimi sikuwa na haki ya kungoja aseme. Usiku huo nililala ndani ya ile nyumba ya udongo.

Wakuu, nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu. Nilifikiri nisipopanga maisha yangu, hasara ni yangu. Kumbe kuna mtu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, na mimi nimesimama mbele nikiongea na watu. Na presha ya kazi, ambayo nililalamikia miaka yote, ndiyo ilikuwa maficho yangu. Nani atamlaumu mtu aliyebanwa na kazi?

Wewe unayesoma, fikiria vizuri, kuna mtu hajaanza yake kwa sababu anakungoja wewe? Kama yuko, mpigie, halafu utuandikie hapa chini alikujibu nini.

Na wenye kunitukana, uwanja ni wenu. Nitasoma zote.